Eneo kwa Bei: Mkataba Unaomleta Mfanyabiashara Penye Njaa

Hotuba hii ilitolewa jijini Dar es Salaam mbele ya madiwani, viongozi wa masoko, wasagishaji, mama lishe na wawekezaji. Tunaiweka yote kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kufika.

Waheshimiwa madiwani, ndugu wenyeviti wa masoko, mama zetu wa lishe, ndugu wasagishaji, nanyi mliotoka kwenye mabenki na makampuni, habari za asubuhi. Wazee wetu, shikamooni.

Naomba tuanzie gengeni, saa 12 jioni. Mama katoka kibaruani na shilingi 5,000 mkononi. Ananunua sembe kilo moja, mafuta ya kupima, nyanya fungu moja, kitunguu kimoja, dagaa kidogo na mkaa wa kopo. Hela imekwisha. Kesho atarudi kununua hivyo hivyo. Ukipiga hesabu kwa kilo na kwa lita, mama huyu amelipa bei ya juu kuliko mwenye gari aliyebeba kiroba cha kilo 25 na dumu la lita 20. Maskini ndiye anayenunua ghali. Nani kati yetu hajaliona hili?

Hiyo ndiyo njaa ya mjini. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na karibu wote wanakula cha kununua. Kijijini mtu akikosa hela huchuma kisamvu nyuma ya nyumba. Hapa kisamvu kina bei, maji yana bei, moto wa kukipikia una bei. Na wakati huohuo, kwenye masoko yetu, Tandale magunia yamepangwa hadi darini, Ilala nyanya zinashushwa usiku kucha, Mabibo ndizi na mananasi yanaozea chini ya miguu ya wachukuzi. Chakula kipo. Kinachokosekana ni njia ya kukifikisha mezani kwa bei ambayo mama yule anaimudu, tena kila siku, mwezi mzima.

Je, halmashauri peke yake itaweza? Haina malori, haina mtaji wa kununua jumla, na mtumishi wake hawezi kuamka saa 8 usiku kupatana bei na dalali. Je, mfanyabiashara peke yake? Mfanyabiashara anafuata hela, hafuati njaa. Si dhambi, ndiyo kazi yake, na akiacha kuifanya atafilisika. Basi kazi ya ubia kati ya sekta ya umma na sekta binafsi ni moja tu: kuandika mkataba unaoifanya njia ya hela ipite penye njaa. Na nchi yetu ina sheria ya ubia huo tangu 2010, kwa hiyo hatuanzi gizani.

Wengi wakisikia ubia wanafikiria barabara, bandari, mabilioni. Ubia wa chakula unaweza kuanza na kitu ambacho kila halmashauri inacho: kona nzuri. Sikilizeni hadithi ya kwanza.

Mwaka 1993, jiji la Belo Horizonte nchini Brazil, lenye watu zaidi ya milioni mbili, lilipata meya anayeitwa Patrus Ananias. Jiji likatangaza kwamba chakula ni haki ya raia, likaunda idara kamili ya kushughulikia ugavi wa chakula. Hapa mtu anaweza kusema, maneno mazuri, kila meya anayo. Lakini tazameni walichofanya na ardhi.

Jiji lilikuwa na maeneo yake sehemu zenye watu wengi, zile ambazo muuzaji yeyote wa mboga angezililia. Likayatangaza kwa zabuni. Atakayeshinda atauza matunda na mboga pale, duka lake, mtaji wake, faida yake. Ila kwa masharti mawili. La kwanza: aina kama 20 za vyakula vya kawaida atauza kwa bei inayopangwa na jiji, chini ya bei ya soko. Bidhaa nyingine zote auze atakavyo. La pili, na hili ndilo lililonifanya niwaletee hadithi hii: mwisho wa wiki lazima apakie gari aende kuuza katika mitaa ya pembezoni, kule ambako peke yake asingekwenda, kwa bei zilezile.

Mmeona biashara hiyo? Jiji halikumpa mfanyabiashara ruzuku ya fedha. Lilimpa kona. Yeye akalipa kwa bei nafuu na kwa safari za Jumamosi. Eneo kwa bei. Jiji likaongeza na kingine cha gharama ndogo: bei za vyakula vya lazima zikawa zinakusanywa kutoka maduka makubwa na kubandikwa vituoni mwa mabasi na kutangazwa magazetini, ili anayeuza ghali ajulikane. Mpango mzima, pamoja na migahawa ya jiji na chakula cha shule, ulitumia chini ya asilimia 2 ya bajeti ya jiji.

Sasa tujiulize wenyewe. Kona za aina hiyo kwetu tunazigawa kwa nini? Pale Kimara, pale Mbagala, pale Gerezani, watu wanashuka kwenye mabasi ya mwendokasi jioni kwa maelfu, kila mmoja anawaza atapika nini. Eneo la mita sita kwa tatu mahali kama hapo lina thamani kuliko jengo zima lililofichwa nyuma. Kila mtu hapa analijua jengo la Machinga Complex pale Karume na vizimba vyake vilivyokaa vitupu miaka mingi. Mteja wa fungu la nyanya hapandi ngazi kulitafuta. Atalinunua palipo na miguu yake.

Mkitaka kufanya kama Belo Horizonte, ifanyeni kwa mizani ya hapa. Chagueni bidhaa 12 hadi 15, zisizidi, ambazo ndizo chakula chenyewe cha mtaa: sembe, dona, mchele, maharage, dagaa, mafuta, chumvi, vitunguu, nyanya, mchicha, kabichi, viazi, mihogo, mayai. Halafu jihadharini na kosa linaloua mipango hii mapema, nalo ni kupanga bei ya mwaka mzima. Nyanya haina bei ya mwaka. Mvua ikinyesha Ilula, kule Iringa zinakolimwa, tenga linapanda maradufu ndani ya wiki. Mfanyabiashara aliyefungwa na bei ya Januari atafanya moja kati ya mawili: atauza nyanya zilizopondeka kwa bei ya mkataba na kuficha nzuri chini ya meza, au atakimbia. Andikeni kanuni badala ya tarakimu. Bei ya jumla ya sokoni alfajiri ya Jumatatu, jumlisha usafiri, jumlisha asilimia ya faida mliyokubaliana. Inabandikwa ubaoni kila Jumatatu saa 2 asubuhi. Ikipanda, inapanda kwa wote. Ikishuka, mama yule wa shilingi 5,000 anaiona ikishuka.

Na uzeni kwa mizani iliyogongwa muhuri na Wakala wa Vipimo. Tunapiga kelele kuhusu lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, kwa sababu mkulima anaibiwa, na ni kweli anaibiwa. Lakini nani anauliza lumbesa inamfaidisha nani huku mjini? Gunia linaandikwa kilo 100 na limebeba zaidi, halmashauri inatoza ushuru wa gunia moja, mkulima analipwa gunia moja, na fungu gengeni halijaongezeka hata kiazi kimoja. Kenya walipiga hatua kwa kuweka kanuni ya viazi mwaka 2019: gunia lisizidi kilo 50. Katika mkataba wenu, neno gunia lisiwemo. Neno fungu lisiwemo. Kilo tu.

Safari za Jumamosi nazo zina ugonjwa wake. Wiki ya kwanza gari linakwenda, ya pili linakwenda, ya tano "limeharibika". Kwa hiyo mbia aweke dhamana benki siku ya kusaini, na kila Jumamosi iliyokosekana ikatwe humo. Mtendaji wa mtaa husika asaini kitabu gari likifika, aandike saa ya kufika na saa ya kuondoka, kwa maana gari linalofika saa 4 na kuondoka saa 5 halijauza kitu.

Ndugu zangu, hadithi ya pili ni fupi, na ni ya hapahapa nyumbani.

Mtoto anaweza kushiba ugali kila siku na bado damu ikawa pungufu. Sembe iliyokobolewa ikawa nyeupe imepoteza sehemu kubwa ya madini na vitamini. Viwanda vikubwa kuviwekea sharti la kuongeza virutubishi si kazi ngumu, ni vichache na vinajulikana. Lakini unga wa watu wa kawaida unatoka kwenye mashine ndogondogo, kama zile zilizojaa Manzese. Msagishaji mdogo ukimwambia anunue kirutubishi, atakuuliza, nani atanilipa? Akipandisha bei ya kiroba hata kidogo, mteja anahamia mashine ya jirani. Biashara haigombi.

Shirika la Sanku lilikuja na jibu ambalo ningependa kila mwanafunzi wa biashara alijue. Wanamfungia msagishaji kifaa kwenye mashine yake. Unga unapopita, kifaa kinaupima na kudondosha kirutubishi kwa kiwango chake: chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12. Kifaa kina laini ya simu ndani, kwa hiyo kikisimama wanajua. Na nani analipa kirutubishi? Analipa mfuko! Ndiyo, ule mfuko mtupu wa kufungia unga. Msagishaji mmoja anaununua kwa bei ya rejareja. Sanku wananunua mifuko kwa wingi sana, bei inashuka, wanamuuzia msagishaji kwa bei ileile aliyozoea, na tofauti inayobaki ndiyo inayonunua kirutubishi. Msagishaji hakuongeza gharama. Mlaji hakuongeza hata senti.

Ninyi mliotoka benki, shikeni hilo. Kabla ya kuomba ruzuku, tafuteni mfuko. Karibu kila biashara ndogo ya chakula ina gharama moja inayolipwa rejareja na ambayo ingeshuka kama ingelipwa jumla. Kwa mama lishe ni gesi na mafuta. Kwa muuza mboga ni usafiri. Kwa mwenye bucha ni barafu na umeme.

Sasa twende Nairobi, na hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 2012, kule Ruiru, Wawira Njiru alianza kulisha watoto 25 wa shule chakula cha mchana. Shirika lake ni Food4Education. Mwaka 2023 Serikali ya Kaunti ya Nairobi, Serikali Kuu na shirika hilo wakaanzisha mpango wa Dishi na County, wakianza na majiko makuu 10, na leo watoto zaidi ya laki mbili wa shule za umma wanakula humo kila siku ya masomo. Mzazi anachangia shilingi 5 za Kenya kwa sahani. Tano! Kinachobaki kinabebwa na serikali na mbia.

Mtoto amevaa kikuku mkononi. Mzazi anaweka hela kwa simu, mtoto anafika kwenye foleni, anagusisha kikuku, anapewa wali na ndengu, yaani choroko. Kikuku hicho ni kidogo lakini kinafanya kazi tatu. Kwanza, aliyelipa na aliyelipiwa wanagusisha vilevile, hakuna anayejua mwenzake amelipiwa, hakuna foleni ya maskini. Pili, kila mguso ni sahani moja, kwa hiyo mwisho wa mwezi serikali inajua sahani ngapi zimeliwa kweli. Tatu, jiko linajua kesho lipike kiasi gani.

Waheshimiwa, hilo la pili ndilo moyo wa mkataba. Mnalipia nini? Mkilipia jengo la jiko, mtapata jengo. Mkilipia tani za mchele, mtapata risiti za tani za mchele. Lipieni sahani iliyofika mkononi mwa mtoto. Mbia atatafuta mwenyewe namna ya kupunguza upotevu, maana kila sufuria inayoungua ni hasara yake.

Tupige hesabu ya shule moja yenye watoto 1,000. Tuchukue gramu 120 za nafaka kwa mtoto, gramu 30 za maharage, gramu 5 za mafuta. Kwa siku ni kilo 120, kilo 30 na kilo 5. Mwaka wa masomo tuuweke siku 194. Hapo unapata nafaka kilo 23,280, maharage kilo 5,820, mafuta kilo 970. Shule kumi za namna hiyo ni nafaka zaidi ya tani 232. Hiyo ni oda inayojulikana mwaka mzima kabla haijalimwa. Chama cha ushirika kilicho na oda hiyo mkononi kinaweza kwenda benki. Bila oda, kinakwenda kwa dalali.

Na nini huharibika? Nitataja yale yanayoumiza watu.

Maharage yakae majini usiku kucha, kwa muda wa saa 8 hadi 12, maji yamwagwe, kisha yachemke kwelikweli. Maharage mekundu yaliyoivishwa nusunusu kwa moto mdogo yanatapisha, na jiko linalokimbizana na muda au linalobana kuni ndilo hufanya kosa hilo. Chakula kikishaiva kisishuke chini ya nyuzi 60 hadi kinapakuliwa. Wali uliokaa vuguvugu kwenye ndoo huku gari liko kwenye foleni ya Mwenge ni hatari kuliko wali wa jana uliokaa kwenye friji. Vyombo viwe vya kuhifadhi joto, dereva awe na kipimajoto, na mkuu wa shule awe na haki ya kukataa chakula kilichofika kimepoa, kwa gharama ya mbia. Andikeni hivyo, "kwa gharama ya mbia", msiache iwe huruma.

Kisha mahindi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu wa nafaka, na 125 wakafa. Walikula mahindi yao wenyewe, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Sumukuvu haionekani, na kupika hakuiondoi. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, na unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Kipima unyevu kinaingia kwenye begi la mgongoni. Kila shehena ipimwe inaposhuka, na mkataba useme nani analipia kipimo cha maabara. Usiposema, kila upande utadhani ni mwenzake, na hakuna atakayepima.

Nairobi nao wana pengo ambalo haki inanitaka nilitaje. Mpango uliwekwa kwa shule za umma na za chekechea za kaunti. Lakini Mathare, Kibera na Mukuru watoto wengi wanasoma shule ndogondogo za mtaani, za mabati, zisizo za serikali, kwa sababu ndizo zilizo karibu. Mtoto maskini kuliko wote anaweza kuwa ng'ambo ya uzio. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na ramani ya shule za umma haijui pia. Sisi tukiandika mpango wetu, tuanze na ramani ya watoto.

Mama zetu mnaouza maandazi na wali getini, najua mnawaza: jiko kuu likija, sisi tunakwenda wapi? Mna haki ya kuuliza. Mkataba unaweza kuwapa kazi ya kupakua, ya kupika chai ya asubuhi, au ya kuendesha jiko dogo la shule zilizo mbali na jiko kuu, mkiwa kikundi kilichosajiliwa. Halmashauri zina ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya kukopesha vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Sufuria na mitungi ya gesi yanunuliwe humo, na mkataba wa sahani uwe ndio uhakika wa marejesho. Mkopo bila mteja ni mzigo. Mkopo wenye mteja wa siku 194 ni mtaji.

Tumefika kwenye vyumba vya baridi, ambako wawekezaji wengi humu wanataka kuingia. Karibuni sana, na sikilizeni kwa makini.

Nyanya inatoka Ilula, inasafiri kilomita zaidi ya 400 ndani ya tenga la mbao, za chini zinabeba uzito wa za juu. Inafika usiku. Isipouzwa leo, kesho ni ya nusu bei, keshokutwa ni ya taka. Muuzaji anajua hivyo, kwa hiyo anapandisha bei ya zile nzuri ili zilipie zitakazooza. Yaani mama wa fungu analipia hata nyanya ambayo hakula mtu.

Nigeria, Nnaemeka Ikegwuonu alianzisha ColdHubs: vyumba vya baridi vinavyotumia umeme wa jua, vinavyowekwa sokoni penyewe. Mfanyabiashara anahamisha mzigo wake kwenye kreti za plastiki za kilo 20 na analipa kwa kreti moja, kwa siku moja. Hapangishi chumba, hawekezi, halipi kwa mwezi. Mboga iliyokuwa inadumu siku 2 inaweza kufika hadi 21. Na wahudumu wa vyumba hivyo ni wanawake, ambao ndio wanaowajua wauza mboga.

Kwa kreti, kwa siku. Nairudia kwa sababu vyumba vingi vya baridi vya umma vimekufa kwa kosa hilo. Kinajengwa kikubwa, kinapangishwa kwa mwezi, kwa tani. Mama mwenye kreti mbili hawezi kupanga tani. Anakuja mpangaji mmoja mkubwa, mara nyingi wa samaki au wa vinywaji, na chumba kilichojengwa kwa ajili ya mboga za maskini kinapoza soda.

Kosa la pili ni kuweka kila kitu chumba kimoja. Ndizi ikishuka chini ya nyuzi 13 inageuka nyeusi na haitaiva tena vizuri. Nyanya inapoteza ladha na kuanza mabaka. Mchicha na kabichi vinataka baridi kali, karibu na sifuri, na hewa yenye unyevu mwingi. Kitunguu kinataka hewa kavu. Juu ya hapo, ndizi na nyanya zinazoiva zinatoa gesi inayofanya majani yawe ya njano. Kwa hiyo jengeni vyumba viwili vidogo kuliko kimoja kikubwa: kimoja nyuzi 13 kwa nyanya na ndizi, kingine nyuzi 2 hadi 4 kwa majani, kabichi na karoti. Vitunguu na viazi vikae nje kivulini penye hewa.

La tatu ni joto la shambani. Mzigo ulioshushwa saa 8 mchana ukiingizwa moja kwa moja, chumba chote kinapanda joto na mashine inahema hadi asubuhi. Ukae kivulini kwanza, uchambuliwe, zilizopasuka zitolewe, kreti zipangwe kwa kuacha nafasi ya hewa ukutani. Mlangoni muweke pazia la vipande vya plastiki, kwa kuwa sokoni mlango unafunguliwa kila dakika.

Na hasara ni ya nani? Swali hili huachwa hadi siku nyanya zinapooza, na siku hiyo huwa ugomvi. Andikeni mapema: mzigo ukiingia unapimwa, unapigwa picha, risiti inatolewa. Ukiharibika kwa sababu mtambo ulizima au joto lilipita kiwango, mwendeshaji analipa. Ukiingia tayari umepondeka, ni wa mwenyewe. Kifaa cha kurekodi joto kila baada ya dakika 15 kinamaliza ubishi. Halmashauri nayo itoe ardhi, na iache kutoza ushuru mara ya pili mzigo ule ule unapotoka chumbani kurudi mezani. Ushuru mara mbili ndio utakaowafanya wauzaji walaze nyanya chini hata kama chumba kiko wazi.

Kuna jambo la mwisho ambalo linahusu yote niliyosema, na nalisema kwa waheshimiwa madiwani kwa heshima yote. Malipo. Mbia mkubwa akicheleweshewa miezi minne ataguna. Kikundi cha mama lishe kikicheleweshewa wiki sita kimekufa. Kabla sahani ya kwanza haijapakuliwa, fedha za miezi mitatu ziwe tayari kwenye akaunti ya pekee ambayo haiguswi kwa matumizi mengine, na mkataba uvuke uchaguzi. Baraza jipya likiingia lisiweze kuugeuza bila kulipa fidia. Mkishindwa kuweka hilo, msianze.

Na mali bila daftari hupotea bila habari. Tunaomba kila soko lililowakilishwa hapa lifanye kazi moja ndogo kabla hatujakutana tena. Pimeni taka za soko lenu kwa siku 7 mfululizo, kwa kilo, mkitenga majani, matunda, nyanya na vinginevyo, na muandike saa zinapotupwa. Inatosha mizani moja, vijana wawili na daftari. Bila namba hiyo mwekezaji atakisia ukubwa wa chumba, na akikisia atajenga kikubwa mno au kidogo mno. Pamoja na hiyo leteni orodha ya kona zote zilizo mali ya halmashauri ndani ya mita 200 kutoka kituo cha daladala au mwendokasi, na jina la anayeitumia kila kona leo na anacholipa.

Karibuni maswali. Tuanze na mama lishe waliokaa nyuma, maana saa 5 hii sufuria zao zinawasubiri.